Tupeane uzoefu: pabu za Waingereza, za mjini na za vijijini

Mleta uzi:
Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa mnaoishi Uingereza au mliowahi kupita. Klabu za usiku ziacheni kwanza. Nazungumzia zile pabu, yaani baa za Kiingereza, za kizamani, dari iko chini, zulia limechakaa, nje kinaning'inia kibao chenye picha ya simba au paa mweupe. Naanza mimi, niko Leeds.

Jambo la kwanza ni kaunta. Hakuna dada wa kukufuata mezani na opena ya kufungulia chupa. Unakwenda mwenyewe, unaagiza, unalipa papo hapo. Foleni huioni, lakini ipo: kila aliyesimama pale anajua nani kamtangulia, na mhudumu anajua pia. Ukipunga noti au kumpigia mluzi, utahudumiwa wa mwisho.

Pili, raundi. Kwetu mwenye nazo anatoa ofa, anasifiwa, basi. Hapa mkiwa wanne kila mmoja ananunulia wote kwa zamu, bosi na kibarua sawa. Maana yake ni painti nne, na painti ni mililita 568, piga hesabu mwenyewe. Anayeaga kabla ya zamu yake hasemwi usoni, ila Ijumaa ijayo hataitwa. Kama mfuko au kichwa hakiruhusu, sema mapema kwamba unajinunulia mwenyewe, au agiza nusu painti. Hakuna atakayenuna.

Na bia ya pipa: inavutwa kwa pampu ya mkono kutoka chumba cha chini ya ardhi, nyuzi 11 hadi 13 hivi, gesi kidogo. Aliyezoea "ya baridi sana" ataiona ya moto. Mimi sasa siiachi.

Mtoto wa Kaloleni:
Nottingham hapa. Nendeni Ye Olde Trip to Jerusalem, chini ya mwamba wa ngome. Ukutani wameandika mwaka 1189, ingawa jengo lenyewe ni la karne ya 17, na pabu nyingine mbili za mji huuhuu nazo zinadai ndizo kongwe. Ubishi wa Simba na Yanga kabisa. Vyumba vya nyuma vimechongwa ndani ya mwamba. Kuna na kimeli cha mapambo chenye vumbi la miaka. Wanasema waliowahi kukisafisha walikufa, kwa hiyo hakiguswi. Halafu eti wanaoamini uchawi ni sisi.

Binti Forodhani:
Mimi sinywi, lakini ofisini kwetu mtu akiaga kazi wote huelekea pabu, nami huenda. Naagiza maji ya soda yenye shira ya ndimu, kinywaji cha bei ndogo, wala hakuna anayehoji. Walaji wenzangu wa halali, mawili tu. Samaki ulizeni kabla, maana pabu nyingi hukoroga ule unga wake kwa bia. Na vile vipakiti vya kaunta vinavyofanana na krispi, vingine ni ngozi ya nguruwe iliyokaangwa. Soma pakiti. Wapo ndugu zangu hawaingii kabisa na nawaheshimu, mjadala huo tusiufungue hapa.

Msukuma Ughaibuni:
Nilisoma Cambridge. The Eagle ndiyo pabu ambayo mwanasayansi Francis Crick aliingia wakati wa chakula cha mchana, Februari 1953, akatangaza kwamba yeye na mwenzake Watson wamegundua siri ya uhai, yaani umbo la DNA. Mimi kilichonigusa zaidi ni dari ya chumba cha nyuma. Marubani wa vita vya pili waliandika majina na namba za vikosi vyao kwa moto wa viberiti na mishumaa. Unakula chipsi huku unasoma majina, na hujui nani alirudi.

Jirani wa Meru:
Mjini mnafaidi. Vijijini jiko linaweza kufungwa saa nane mchana hadi jioni, na umetembea maili kadhaa kwenye matope. Piga simu kabla. Mbwa wanaruhusiwa, usishangae akilala miguuni pako. Mimi nilifika Tan Hill Inn, Yorkshire, inayojulikana kuwa pabu iliyo juu kuliko zote Uingereza. Novemba 2021 theluji iliwafungia humo wateja zaidi ya 50 kwa siku kadhaa pamoja na bendi. Juu kwenyewe ni mita 528! Arusha tuko kwenye 1,400 na hatujaweka hata kibao.

Mgeni Desemba:
Wakuu, nakuja na watoto wawili. Wanaruhusiwa?

Mleta uzi:
Nyingi zinaruhusu mchana wakiwa na mzazi, hasa zenye chakula. Jioni kila pabu na utaratibu wake, uliza kaunta. Kununua pombe ni miaka 18, na kama una sura ya ujana beba kitambulisho. Jumapili weka nafasi mapema, meza za nyama ya kuoka huisha.