Kanuni za Git: zikae ndani ya mradi au kwenye kompyuta ya kila mtu?

Mleta hoja: Wakuu, timu nyingi zinazotumia Git (programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo) hapa Dodoma, kuanzia vijana waliotoka UDOM hadi wanaotengeneza mifumo ya ofisi za serikali za Mtumba, zina mwenye Windows, mwenye Mac, na seva ya Linux. Windows humaliza mstari kwa alama mbili zisizoonekana, CR na LF. Wengine LF peke yake. Mtu anagusa mstari mmoja, Git inaonyesha faili lote limebadilika. Anayekagua akague nini hapo? Kanuni iandikwe ndani ya mradi, kwenye faili la .gitattributes: `* text=auto`, Git inyooshe alama hizo yenyewe, na kwa skripti `*.sh text eol=lf`, zibaki na LF. Kumwachia kila mtu apange core.autocrlf (mpangilio wa alama hizo kwenye kompyuta yake) kivyake ni kutafuta ugomvi.

Nzuguni: Sikubaliani, kaka. Mradi wetu ni wa miaka mingi. Ukinyoosha alama kwenye mafaili yote leo, git blame (amri inayoonyesha nani aligusa kila mstari mara ya mwisho) itamtaja aliyenyoosha, siyo aliyeandika. Mkaguzi akiuliza nani aliweka hesabu ile ya malipo, utamjibu nini? Mwenye Windows apange mashine yake siku ya kwanza, basi.

Mleta hoja: Hofu yako ina msingi, ndugu yangu, ila dawa ipo. Endesha `git add --renormalize .`, amri ya kunyoosha mafaili yote, na uifanye komiti (rekodi ya mabadiliko) inayojitegemea, isichanganywe na kazi nyingine. Namba yake iandike kwenye faili utakalolitaja kwa blame.ignoreRevsFile, na git blame itairuka. Uwezo huo upo tangu Git 2.23 ya mwaka 2019. Na kijana wa mafunzo kwa vitendo akija na laptop yake, nani atakumbuka kumpangia?

Makulu: Kaka zangu, mmesahau majina ya mafaili. Kwa mpangilio wa kawaida wa Windows na Mac, Malipo.js na malipo.js ni faili moja; Linux inaona mawili. Kwenye laptop programu inafunguka vizuri, ikifika kwenye seva inadai faili halipo. Hapo .gitattributes haisaidii chochote. Sisi tunatumia herufi ndogo tupu, na hakuna kinachoingia tawi kuu (toleo kuu la msimbo) kabla ya kupimwa kwenye Linux.

Nzuguni: Dada umesema kweli. Hata skripti nakubali, zikiwa na CRLF zinagoma kwenye seva. Mradi mpya sina neno. Lakini kwa wa zamani, matawi yote yaliyo wazi yaunganishwe kwanza. Mkinyoosha wakati watu bado wana kazi zao pembeni, migongano hiyo ataitatua nani?

Mleta hoja: Matawi kwanza, hapo sibishi. Ila tarehe ipangwe, maana "tukimaliza kazi zilizopo" kwenye mradi wa zamani haifiki.