Ofa mbili za uzamili, Uingereza na Ujerumani, na mama anataka kuuza kiwanja. Naomba ushauri

Mhandisi_Maji (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo linalotaka uamuzi kabla ya mwisho wa mwezi, nimeona nililete hapa maana najua wapo waliopita njia hii.

Ni mwajiriwa wa mamlaka ya maji huku mkoani, miaka 29, nina mke na mtoto wa miaka miwili. Nimepata nafasi mbili za kusoma uzamili wa uhandisi wa maji mwaka huu. Ya kwanza ni Uingereza, mji wa kaskazini, mwaka mmoja, kuanzia Septemba. Ada pauni 28,000, wamenipunguzia 5,000. Wanataka nilipe pauni 4,000 za kushikilia nafasi, mwisho tarehe 30. Ya pili ni Stuttgart, Ujerumani, miaka miwili, kuanzia Oktoba. Ada euro 1,500 kwa muhula, ila lazima niweke euro 11,904 kwenye ile akaunti ya kufungia fedha.

Akiba yangu ni milioni 22. Mjomba aliyeko Muscat ameahidi 12. Mama, Mungu ambariki, anasema tuuze kiwanja cha Kibaha alichoacha marehemu baba, nikirudi kutoka Uingereza nitanunua viwili. Mke wangu hasemi kitu, na ukimya wake unanielemea.

Mimi naona Uingereza ni mwaka mmoja na Ujerumani miwili, kwa hiyo mwishoni gharama zitakaribiana. Naomba mnisahihishe kama nimepotea.

Mzee_wa_Pwani

Mdogo wangu, uza kiwanja. Ardhi ipo tu, nafasi ya kusoma haisubiri mtu. Mimi watoto wangu nimewasomesha kwa kuuza mashamba na sijuti. Cheti cha Uingereza kila mwajiri anakijua, na mwaka mmoja ni kufumba na kufumbua.

Dada_wa_Nakuru

Shikamoo mzee, nakuheshimu sana, lakini tafadhali asiuze kitu kabla hajapiga hesabu. Mimi ni Mkenya, nilisoma uzamili huku Uingereza na bado niko huku. Kaka, kaa chini na kalamu.

Ada baada ya punguzo ni pauni 23,000. Kwa viza utaonyesha fedha za kujikimu za miezi tisa: nje ya London ni pauni 1,171 kwa mwezi, jumla 10,539. London ingekuwa 1,529 kwa mwezi. Kuna ada ya afya, pauni 776 kwa mwaka. Viza ya kozi ya miezi kumi na miwili hupewa na miezi ya ziada, kwa hiyo utalipa mwaka mmoja na nusu, yaani 1,164, yote mara moja siku unayotuma maombi. Viza yenyewe ni zaidi ya pauni 500. Ongeza kipimo cha kifua kikuu, maana Watanzania na sisi Wakenya tunatakiwa kupima kwenye kliniki iliyoidhinishwa. Kabla ya nauli uko kama pauni 35,200. Kwa shilingi zenu, piga pauni moja kwa 3,300 hivi, hiyo ni milioni 116.

Wewe una 34, na 12 kati ya hizo ni za mjomba. Hapo kuna jambo wengi hawalijui: fedha za kuonyesha lazima ziwe kwenye akaunti yako, au ya wazazi wako ukiwa na cheti cha kuzaliwa na barua yao ya ridhaa. Mjomba hahesabiki, isipokuwa awe mlezi wako kisheria. Akitaka kusaidia, aziingize kwako mapema, kwa sababu zinatakiwa zikae siku 28 mfululizo bila salio kushuka chini ya kiwango hata siku moja.

Halafu sababu kubwa ya watu kuja huku ni ile viza ya kubaki kufanya kazi baada ya masomo. Ilikuwa miaka miwili. Atakayeiomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027 atapewa miezi 18. Wewe utamaliza Septemba 2027. Na mke na mtoto huwezi kuwaleta, kwa sababu tangu Januari 2024 wanafunzi wa uzamili wa darasani hawaruhusiwi kuja na familia.

Sisemi Uingereza ni mbaya, imenipa maisha. Lakini mimi nilikuja kwa ufadhili kamili, na wenzangu waliokuja kwa mkopo niliwaona wakibeba maboksi usiku na kusinzia kwenye mhadhara wa saa tatu asubuhi. Masaa 20 kwa wiki unayoruhusiwa wakati wa muhula hayawezi kulipa ada. Usimwamini yeyote anayekuambia yanaweza.

Neckar_TZ

Mkuu, mimi niko mji huohuo unaokwenda. Dada wa Nakuru amemaliza upande wake, ngoja nikupe wa huku.

Kwanza elewa ile euro 11,904 si ada. Ni hela yako. Unaifungia, ukifika unarudishiwa 992 kila mwezi, ndiyo unayoishi nayo. Inayoondoka moja kwa moja ni ada, 3,000 kwa mwaka. Na hiyo ada ipo kwa sababu Stuttgart iko jimbo la Baden-Württemberg, ambalo tangu 2017 linatoza wanafunzi wa nje ya Ulaya. Majimbo mengi hayatozi, unalipa mchango wa muhula tu. Kwa hiyo mwaka wa kwanza unahitaji kama euro 15,000, milioni 43 hivi, na sehemu kubwa utaila mwenyewe mezani kwako.

Mjomba wa Muscat huku hana shida, anaweza kutuma moja kwa moja kwenye akaunti hiyo mradi iwe kwa jina lako. Atume na ziada kidogo. Benki za katikati hukata makato yao njiani, ikifika pungufu hata kwa euro 20 hupati barua ya uthibitisho, na bila barua hiyo maombi ya viza hayaendi.

Mwezi wa kwanza ndio mgumu kuliko yote. Akaunti haifunguki siku unayotua. Unatakiwa usajili anwani yako manispaa, ufungue akaunti ya kawaida ya benki, ndipo hela ianze kushuka. Wakati huohuo mwenye nyumba anataka dhamana, na kisheria anaweza kudai hadi kodi ya miezi mitatu. Usije na chini ya euro 1,500 mkononi.

Kuhusu viza, tangu Januari 2025 maombi yanaanzia mtandaoni kwenye tovuti ya huduma za kibalozi ya Ujerumani, ndipo unaitwa ubalozini, pale Umoja House. Jaza kwa makini sana. Zamani ukinyimwa ulikuwa unaandika barua ya kupinga, bure, wanaangalia upya. Utaratibu huo ulifutwa tarehe 1 Julai 2025. Sasa ukinyimwa unaomba upya au unakwenda mahakamani Berlin.

Kazi unaruhusiwa siku 140 kamili kwa mwaka, au nusu siku 280. Kwa mhandisi wa maji, tafuta kazi ya msaidizi kwenye maabara ya chuo. Mwaka wa pili utaombwa tena ushahidi wa fedha ili kuongezewa kibali, na mkataba wa kazi kama huo husaidia.

Afisa_Mikopo

Nafanya kazi benki, Dar. Naongeza mambo matatu ambayo hayajaguswa.

Kiwanja cha marehemu: kama hati bado ina jina la baba na mirathi haijafunguliwa, hakuna wa kukiuza kihalali. Mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na warithi wote washirikishwe. Anayekuja na fedha za haraka kununua kiwanja cha namna hiyo atakulipa nusu ya bei, kwa sababu anajua una haraka na anajua kina kasoro.

SACCOS ya kazini: najua utaifikiria. Marejesho yanakatwa kwenye mshahara. Ukipewa ruhusa ya masomo bila malipo, mshahara umesimama, wadhamini wako ndio watakaokatwa. Uliza kwanza ruhusa yako itakuwa ya aina gani.

La tatu, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona vijana wazuri wakiharibikiwa. Kuna watu wanakodisha salio. Wanakuwekea mamilioni kwenye akaunti kwa siku 28, unawalipa, wanachukua hela yao. Taarifa ya akaunti inaonyesha wazi: miezi sita salio ni laki tatu, halafu ghafla milioni 40 kwa mkupuo, kutoka kwa mtu asiye ndugu. Maafisa wa viza wanazisoma kila siku. Na Uingereza ikiamua umedanganya, unaweza kufungiwa miaka 10.

Mhandisi_Maji

Wakuu, nimesoma yote mara mbili. Sikuwa nimeweka ada ya afya wala zile za miezi tisa, nilidhani 23,000 ndiyo habari yote. Afisa Mikopo, hati ina jina la baba na mirathi hatujafungua. Mama hajui kama hilo ni tatizo.

Kwa hiyo swali limebaki Ujerumani. 34 zinatosha kufungia akaunti, basi. Nakosa ada ya muhula wa kwanza, nauli na za kufikia, kama milioni 10. Na kuhusu mke na mtoto?

Bi_Rukia

Mwanangu, kabla ya kutuuliza sisi, umemuuliza mkeo? Si kumwarifu, kumuuliza. Mume wangu alikwenda kusoma nje mimi nikiwa na mtoto mchanga. Kilichoniumiza hakikuwa umbali, ni kwamba kila kitu kilikuwa kimeshapangwa na mama mkwe na mashemeji. Mwoneshe hizi hesabu, na muda wa kukaa mbali, na kila mwezi atabaki na nini mkononi. Labda ananyamaza kwa sababu hakuna aliyempa nafasi ya kusema.

Neckar_TZ

Bi Rukia, umesema kweli tupu.

Familia Ujerumani inaweza kufuata, lakini lazima uonyeshe fedha za ziada na nyumba yenye nafasi, na kwa kawaida mke hutakiwa kuwa na Kijerumani cha kiwango cha A1, yaani cha mwanzo kabisa. Goethe-Institut ya Dar wanafundisha. Usimwahidi mwaka wa kwanza.

Mkuu, umesema una miaka 29. Unatimiza 30 lini?

Mhandisi_Maji

Januari.

Neckar_TZ

Basi sikiliza vizuri. Bima ya afya ya umma kwa bei ya wanafunzi, karibu euro 145 kwa mwezi, ni kwa walio chini ya miaka 30. Ukijiandikisha Oktoba unaingia, na unabaki kwenye bei hiyo hadi mwisho wa muhula unaotimizia miaka 30, yaani Machi. Baada ya hapo unaendelea kama mwanachama wa hiari na bei inapanda, zaidi ya euro 200 kwa mwezi. Anayefika akiwa amevuka 30 hali yake ni ngumu zaidi, wengi huishia bima binafsi, na kutoka huko kurudi ya umma ni kazi. Kwenye 992 toa bima, toa chumba cha hosteli 400 hivi, kinachobaki kinatosha chakula na usafiri ukijipikia. Starehe hakuna.

Msaka_Ufadhili

Samahani kwa kuchelewa, ila kuna njia haijatajwa. DAAD, shirika la Ujerumani linalotoa ufadhili wa masomo, wana mpango unaoitwa EPOS, wa watu wenye kazi kutoka nchi zinazoendelea. Masharti makuu ni uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili na shahada ya mwisho isiyozidi miaka sita. Posho ni euro 992 kwa mwezi, pamoja na bima na mchango wa nauli. Uhandisi wa maji wa Stuttgart umekuwa kwenye orodha yao. Maombi huenda moja kwa moja kwenye kozi, mwaka mmoja kabla, kwa hiyo ya mwaka huu yamepita.

Ningekuwa wewe ningesubiri. Mwaka mmoja wa kusubiri ni nafuu kuliko miaka miwili ya kuhesabu senti. Na kama roho yako iko Uingereza, Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hufunguliwa Agosti, nao wanataka miaka miwili ya kazi. Vyuo vingi vya Uingereza vitakukubalia kuahirisha nafasi ukiandika barua ya adabu. Vya Ujerumani kwa kawaida utaomba upya.

Dada_wa_Nakuru

Na hizo pauni 4,000 usizilipe kwanza. Soma masharti ya kurudishiwa. Vyuo vingi hurudisha ukinyimwa viza, lakini si ukibadili mawazo.

Mhandisi_Maji

Wakuu, nimerudi na majibu. Tulikaa jana usiku, mimi na mke wangu, na hii simu katikati. Alisoma uzi wote kimya, alipofika kwa Bi Rukia akarudia kusoma. Akasema kiwanja kisiguswe, kwa sababu mama akiugua hakuna kingine cha kukimbilia. Akasema gari letu, IST, liuzwe. Kuna mtu ameshafika milioni 11 na nusu. Mke wangu na mtoto watahamia kwa mama, watakaa pamoja, naye ataanza Kijerumani mwakani.

Uingereza nimewaandikia kuwa siendi. Mwajiri amekubali kunipa ruhusa bila malipo, kwa hiyo SACCOS nimeachana nayo. Msaka Ufadhili, wazo la kusubiri tulilijadili sana. Lakini EPOS ni ushindani wa nchi nyingi, na nikikosa nitakuwa nimeshavuka 30. Tumeamua niende sasa.

Mama nimemweleza habari ya mirathi. Hakufurahi, lakini amekubali kwenda mahakamani, si ili kuuza, bali jina likae sawa.

Bi Rukia, mke wangu anakusalimu.

Neckar, barua ya akaunti nikiipata nianze na nini?

Neckar_TZ

Usisubiri barua. Omba hosteli leo usiku, kwenye tovuti ya Studierendenwerk Stuttgart, shirika la huduma za wanafunzi. Foleni ni ndefu na wanaoomba Agosti hulala kwa watu. Ukishatuma, nitumie ujumbe wa pembeni nikuelekeze mitaa ya kuchagua.