Tupeane uzoefu: unatunga na kuimba rock yako mwenyewe hapa Chuga (Arusha) au Moshi, unaendaje?

Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, Unga Limited, na tangu 2009 natunga nyimbo zangu za rock kwa Kiswahili, gitaa la umeme na sauti basi. Chuga ni mji wa hip hop, naheshimu sana, kundi la X Plastaz tumekua tukiwasikia wanachanganya rap na uimbaji wa Kimaasai na hakuna aliyewaambia hiyo sio yenu. Ila mimi kinachonitoka ni gitaa.

Mtu anayenipa moyo ni Rodriguez wa Detroit, Marekani. Albamu mbili, 1970 na 1971, kwao hazikuuza kabisa, kampuni ikamwacha, akaingia kazi za kubomoa majengo akalea watoto, kumbe huku Afrika Kusini watu wanaziimba nyimbo zake kwa moyo na wengine wanaamini alishakufa zamani, yeye hana habari wala senti. 1998 ndo akaenda kuwapigia. Kafariki 2023 ana miaka 81. Hiyo miaka ya katikati ndo naiwaza kila nikishika gitaa usiku, alikua anajisemea nini?

Haya leteni ya kwenu.

Mdau wa Kijenge:
Mkuu mimi napiga gitaa la ridhimu mahotelini miaka 6. Wanataka kopi tu, yani nyimbo za watu, zile za kuwakaribisha wageni, ukipiga yako meneja anakuangalia vibaya. Siku moja nikachomeka wimbo wangu katikati, unahusu kuamka saa 10 usiku kuwahi kifodi, zile daladala zetu, wageni wakaendelea kula ila mama mmoja wa jikoni akatoka na aproni yake akasimama mlangoni mpaka mwisho. Kesho yake akaniuliza ule wimbo wa nani, nikamwambia wangu, akasema nipigie tena. Malipo ya usiku ule nshasahau yalikua shilingi ngapi, yule mama sijamsahau.

Dada wa Pasua, Moshi:
Mimi gitaa nimefundishwa kwaya ya usharika, kodi (chords) zote nilizonazo zimetoka pale na nashukuru mpaka leo. Shida ilikuja nilipoanza kuweka ile sauti ya kukwaruza, nikaambiwa ni mziki wa giza. Iliniuma jamani, maana nilikua naimba habari ya bibi yangu na kihamba chake, shamba la ukoo, kilivyogawanywa mpaka kikaisha. Nikamkalisha mama sebuleni, nikampigia kavu kwanza asikie maneno, halafu nikawasha amp. Akanyamaza, akasema sasa naelewa kwanini linalia. Toka siku hiyo beti ya mwisho nanyamazisha gitaa nabaki na sauti peke yake.

Kijana wa Ngaramtoni:
Tatizo langu ni studio. Unafika na wimbo wako kichwani unaenda taratibu halafu unakimbia, prodyuza anakuwekea biti mwendo mmoja mwanzo mwisho anasema imba humo. Nimelipa mara tatu nikatoka na kitu ambacho sio changu. Sa hivi narekodi gheto, nimetundika mablanketi mazito ukutani na dirishani mwangwi umepungua sana, gitaa na sauti kwa mpigo mmoja, nikikosea narudia wimbo mzima. Waya nyembamba ikikatika na hela hakuna nachambua waya wa breki ya baiskeli, inashika japo inakula vidole. Ushauri, kazi zangu nizisajili au nisubiri ziwe nyingi?

Mwanzisha mada:
Dogo sajili sasa, COSOTA, wale wa hakimiliki, ndo kazi yao, usisubiri. Na weka tarehe kwenye kila daftari unaloandikia, mimi langu la kwanza lililowa na mvua ya masika nyimbo 11 zikaenda, nne tu ndo nilizikumbuka. Hilo la mwendo mmoja umeongea kweli tupu, rock inapumua, ukiifunga kwenye biti inakufa.

Dada wa Pasua, hapo pa kunyamazisha gitaa, unanyamazisha kabla ya kiitikio cha mwisho au baada? Nina wimbo wa marehemu kaka yangu umenishinda kumalizia mwaka wa pili huu na nahisi dawa yake ipo hapo. Jumamosi nakuja Moshi kufunga geti.

Dada wa Pasua, Moshi:
Kabla kaka. Na pole sana. Njoo na gitaa, amp ninayo.