MREJESHO: Mama kijacho na barafu ya Minneapolis
Wakuu, niliwauliza hapa: mke wangu, mimba ya miezi minane, atatembeaje kwenye barafu ya Minneapolis, Marekani, bila kuteleza? Ile minyororo ya kuvalisha viatu mliyonishauri imetuokoa. Anakwenda hatua fupi fupi kama bata, nami nimemshika mkono. Koti lake halifungi tena, kachukua langu (mimi nina sweta mbili, acheni tu). Katikati ya jiji tunapita zile njia za juu zenye vioo zinazounganisha majengo, theluji hatuigusi. Kasheshe ni gari: jiji likitangaza dharura ya theluji (barabara zisafishwe), usipoliondoa gari kwenye barabara kubwa kabla ya saa tatu usiku, linavutwa. Jana nilikuwa nje na koleo, yeye dirishani na uji wake, ananicheka.