Mbetula kibete: majani yanaungua kingo, nimekosea wapi?

Binti Majani
Habari zenu wapenda bustani. Nina mbetula kibete, ule mti mfupi wa nchi za baridi uitwao kitaalamu Betula nana, una mwaka wa pili ardhini na unanifika magotini. Majira ya kuchipua niliukata matawi manne yaliyokuwa yanasuguana, ukavuja maji siku tatu kama bomba bovu. Sasa joto limeingia, na vile vijani vyake vya mviringo kama vifungo vya shati vimekuwa kahawia pembeni. Nimeutilia mbolea mara mbili, hali ndiyo inazidi. Nyasi za chini nimezing'oa zote na udongo nimeulima vizuri. Ni ugonjwa?

Mzee Koleo
Pole binti. Kabla hujanunua dawa, chomeka kidole udongoni hadi pingili ya pili. Kikitoka kikavu, mti wako una kiu tu. Kwao ni Aktiki, Iceland, Skandinavia na nyanda za juu za Scotland, kwenye ardhi ya baridi, mara nyingi chepechepe na yenye tindikali. Mizizi yake hutambaa juujuu. Wewe umeivua nyasi, ukaipiga jembe, kisha ukaimwagia mbolea ikiwa na kiu! Sikucheki; wangu niliutilia majivu, yakala tindikali yote, ukadumaa misimu miwili.

Acha mbolea. Mwagilia polepole mpaka maji yazame, na ya mvua ni bora kuliko ya bomba yenye chokaa. Tandaza magome yaliyosagwa, unene wa vidole vinne, yasiguse shina. Jembe lirudi stoo.

Mkasi Mkali
Huko kuvuja usikupake kitu. Mibetula yote hulia ikikatwa wakati huo, maana mizizi inasukuma maji juu na majani bado hayajafunguka. Ukitaka kupogoa, ngoja mwisho wa kiangazi, au majani yakishapukutika. Ila wa nini kuupogoa? Ni nadra kupita mita moja.

Binti Majani
Kidole kimetoka na vumbi. Nimeona aibu. Niuhamishie kivulini?

Mzee Koleo
Usithubutu! Kuung'oa na joto hili ni kuumalizia. Tena wenyewe unapenda jua. Kivulini utaukosa ule wekundu wa majani ya vuli, kabla hayajapukutika, ambao mimi ndio ulionifanya niupande. Majani yaliyoungua hayarudi kijani, yaache. Wewe tazama machipukizi mapya ncha za matawi, kisha uje utuambie.