MREJESHO: Wanafunzi wangu waliopewa sifuri na kompyuta

Habari zenu ndugu zangu, mimi ndo yule mwalimu wa chuo hapa Kampala niliyeuliza mbona Moodle, ule mfumo wa kufanyia mitihani kwenye mtandao, inawapa wanafunzi sifuri wakati majibu yao ni sahihi. Nimepata jibu, asanteni sana jamani.

Swali lilikuwa wastani wa 10, 12 na 16. Mimi niliweka 12.67, kuna aliyeandika 12.7, mwingine 12.667, wote sifuri, kumbe nilichagua swali la jibu fupi na hilo linalinganisha maandishi tu, halijui namba. Kwa mtihani ule nikaongeza yale majibu mengine, nikabonyeza kusahihisha upya, maksi zikarudi zote. Sasa hivi maswali ya hesabu naweka aina ya namba, jibu 12.67 na naruhusu tofauti ya 0.05.

Ila kilichonifurahisha zaidi ni yale maelezo mafupi anayoonyeshwa mwanafunzi kulingana na jibu aliloandika. Nikaweka kwamba mtu akiandika 38 aone "umejumlisha vizuri, bado kugawa kwa 3", na yanafunguka mtihani ukishafungwa ili wasipeane majibu. Juzi binti mmoja wa mwaka wa kwanza, huwa hasemi kabisa darasani, kanifuata nje na simu yake mkononi, "Madam, nimeona nilipokosea". Nina wanafunzi wengi mno, karatasi zao ningezirudisha baada ya mwezi na yeye angekuwa ameshasahau hata swali lenyewe.

Insha bado nasahihisha mwenyewe, hizo siachii mashine.