Nimefaulu utunzaji wa vitabu vya hesabu: nianze ofisi yangu sasa, niajiriwe kwanza, au nishike vyote viwili?

Kalamu_Nyeusi (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Nimemaliza mitihani ya utunzaji wa vitabu na cheti ninacho. Tangu naingia darasani lengo langu ni kuwahudumia wafanyabiashara wadogo kwa jina langu mwenyewe: kuwaandikia vitabu, kuwaandalia mishahara ya wafanyakazi wao, kuwasaidia na ritani za kodi, yaani taarifa zinazopelekwa kwa mamlaka ya kodi. Swali langu ni lini.

Naona njia tatu. Ya kwanza, kuanza mara moja masomo yakiwa bado kichwani. Ya pili, kuajiriwa kwenye ofisi ya wahasibu mwaka mmoja au miwili, ndipo nijitegemee. Ya tatu, kubaki na kazi niliyo nayo, ambayo si ya uhasibu, na kushika wateja wawili watatu jioni na wikendi. Akiba yangu si kubwa na nina watu wanaonitegemea. Waliopita njia hizi naomba mnilinganishie kwa uwazi. Kutiwa moyo peke yake hakutanisaidia, nataka kujua kila njia inabana wapi.

LejaSafi

Hongera sana ndugu. Mimi nasimama na njia ya pili.

Darasani unapewa miamala iliyokamilika: tarehe ipo, kiasi kipo, maelezo yapo. Kazini mteja anakuletea taarifa ya benki, risiti nusunusu, na programu iliyojazwa na mtu mwingine ambaye ameshaondoka. Chukua kosa moja la kila siku. Mteja ameuza kwa mkopo na ankara imeingizwa kwenye mfumo. Baada ya wiki tatu pesa imeingia benki, na mwingizaji akaiandika kama mauzo mapya badala ya kuifungia ile ankara. Sasa mauzo yale yale yamehesabiwa mara mbili, na mnunuzi aliyekwisha kulipa bado anasomeka kama mdaiwa. Debiti na krediti, zile pande mbili za kila muamala, zinalingana. Urari, ile orodha ya masalio ya akaunti zote inayolinganisha pande hizo, umekaa sawa. Hata salio la benki linakubaliana na taarifa ya benki. Aliyetoka darasani atasema vitabu viko safi, na mteja atalipia kodi mauzo ambayo hayakuwepo.

Aliyekaa na mhasibu mzoefu anajua pa kutazama. Anafungua orodha ya wadaiwa iliyopangwa kwa umri wa deni, anakuta deni la miezi minane kwa mnunuzi ambaye kila mwezi analipa bila kusumbua, na hapo hapo anashtuka. Mshtuko huo mtihani haukupi. Unaupata kwa kuona vitabu vya watu wengi, tena ukiwa na mtu anayepitia kazi yako kabla haijamfikia mteja. Ukiwa peke yako, wa kwanza kuliona kosa lako atakuwa mteja mwenyewe au mamlaka ya kodi.

Mwanakwetu

Hoja ya @LejaSafi naiheshimu, lakini ajira hazifanani. Kuna ofisi utaingia na kazi yako itakuwa kuingiza ankara za manunuzi asubuhi hadi jioni, mwaka mzima. Ukitoka hapo vidole vina kasi lakini hujawahi kufunga hesabu za mwezi hata mara moja. Kwenye usaili uliza bila aibu: nitashika mzunguko mzima wa mteja au kipande? Kwa maoni yangu ofisi ndogo yenye wateja wadogo wengi inafundisha kuliko kampuni kubwa ambako kila mtu ana kipande chake.

Mimi nilianza moja kwa moja na sijutii, ila kilichonibeba ni aina ya mteja. Wa kwanza alikuwa ndiyo kwanza anafungua biashara, kwa hiyo hapakuwa na makosa ya nyuma ya kufukua. Luca Pacioli, yule mtawa aliyechapisha maelezo ya uingizaji wa pande mbili huko Venice mwaka 1494, anamtaka mfanyabiashara aanze na orodha ya mali na madeni yake yote kabla ya kugusa daftari lolote. Biashara mpya inakuruhusu kufanya hivyo hivyo: mtaji unajulikana, vifaa vinahesabika, mkopo una mkataba, na masalio ya kuanzia unayaandika mwenyewe ukiwa na ushahidi mkononi.

Kwa hiyo njia ya kwanza inapitika ukichagua. Biashara changa, za huduma, zisizo na stoo kubwa wala malipo ya fedha za kigeni. Ukianza na mwenye bidhaa elfu kadhaa ambaye hajaandika kitu kwa miaka, utazama naye.

Hesabu_na_Haki

Naomba niingilie kabla hamjafika mbali. Cheti cha kufaulu na ruhusa ya kuhudumia umma ni vitu viwili. Vyama vingi vya taaluma hii vina leseni ya kufanya kazi binafsi ambayo iko kando na uanachama. Kuna nchi, Uingereza ikiwemo, ambako mtunza vitabu wa kujitegemea lazima awe chini ya msimamizi wa sheria za utakatishaji fedha ndipo ahudumie wateja. Ulizia kwenu kunatakiwa nini, ulizia pia bima ya dhima ya kitaaluma, kwa sababu kosa lako kwenye ritani linaweza kumletea mteja adhabu naye akataka umlipe. Na mtu asikushawishi kutia sahihi hesabu zilizokaguliwa. Ukaguzi una watu wake na sheria zake.

Ukienda njia ya pili, kumbuka kanuni za kimataifa za maadili ya wahasibu zina misingi mitano: uadilifu, kutopendelea, umahiri na uangalifu, usiri, na mwenendo wa kitaaluma. Usiri haukomi siku unapoacha kazi. Wapo wanaoajiriwa huku wakinakili orodha ya wateja wa mwajiri ili waondoke nayo. Huo ni wizi, na unakufuata.

Kalamu_Nyeusi

Asanteni sana. Leseni na bima naanza kuvifuatilia wiki hii. Njia ya tatu bado hakuna aliyeichambua. Yupo aliyeipita?

Dada_Mizania

Nipo mdogo wangu, na kwa hali uliyoeleza ndiyo ninayokupendekezea.

Faida yake kubwa watu hawaisemi: mshahara unaoendelea unakupa nguvu ya kumkataa mteja. Mwenye shida hachagui. Anayetegemea mteja mmoja ndipo alipe kodi ya nyumba atamsikiliza akiambiwa, "Hii karo ya mtoto iandike gharama za ofisi." Ukiwa na mshahara wako unamjibu kwa utulivu kwamba hizo ni fedha alizochota mwenye biashara kwa matumizi yake, zinapunguza mtaji wake na hazigusi faida. Akikasirika, aende. Sifa yako inajengwa na majibu kama hayo, na mwanzoni ndipo yanapokuwa magumu kuyatoa.

Inabana kwenye tarehe. Kazi ya vitabu haisambai sawasawa ndani ya mwezi. Mishahara ya wateja wote inaangukia siku zile zile, ritani nazo zina siku yake ya mwisho. Tuseme mteja mdogo anakuchukulia saa 6 kwa mwezi mambo yakiwa shwari. Wateja 3 ni saa 18, zinaonekana chache, lakini sehemu kubwa itakudai katika wiki moja, na wiki hiyo huenda na mwajiri wako naye anakutaka. Kuna na simu: mteja anapiga saa nne asubuhi uko kazini kwa mtu. Saa unazopatikana ziandikwe kwenye barua ya makubaliano tangu mwanzo. Na usome mkataba wako wa ajira kama unaruhusu kazi ya pembeni.

Sasa lini uache mshahara? Mimi sihesabu miaka. Naangalia kama unaweza kufunga mwezi wa mteja mwanzo hadi mwisho, benki, wadaiwa, wadai, mishahara, malimbikizo (gharama zilizokwisha tumika ambazo hazijalipwa), uchakavu (thamani ya vifaa inayopungua), kisha ukanyooshea kidole kila salio kwenye mizania, ile taarifa ya mali, madeni na mtaji, na kusema limetoka wapi. Pia uwe umepita mwisho wa mwaka wa hesabu angalau mmoja, maana miezi kumi na miwili iliyofungwa vizuri bado inaweza kukuumbua siku ya kuhesabu stoo na kurekebisha malipo yaliyolipwa kabla. Halafu pesa: angalia uliyokusanya, usidanganywe na ankara ulizotuma. Makusanyo yakitosheleza gharama za kazi na mahitaji ya lazima ya nyumbani kwa miezi kadhaa mfululizo, ondoka.

Njiwa_Mweupe

Hapo kwenye pesa naongezea kidogo. Wengi wanachukua saa 160 za mwezi, wanazidisha kwa bei ya saa, wanafurahi. Kutafuta wateja, kukumbushia risiti, kudai malipo na kujifunza programu mpya havina wa kukulipa. Panga bei yako kana kwamba saa 80 au 90 tu ndizo zitakazouzika. Na toza kwa mwezi, kiwango kimoja chenye kikomo cha idadi ya miamala. Ukitoza kwa saa ukiwa mgeni, mteja ndiye anayelipia ugeni wako.

LejaSafi

@Dada_Mizania umenisogeza. Nakubali njia ya tatu kwa sharti moja: awepo mhasibu mzoefu anayelipwa kupitia kazi ya huyu kijana kila robo mwaka, kwa idhini ya maandishi ya mteja. Bila hivyo anakosa vitu vidogo ambavyo ofisini unavichota kwa kukaa karibu na watu. Urari umekataa kwa 900, mwenzako anakuambia gawanya kwa 9. Ikigawanyika, tafuta kwanza namba ambayo tarakimu zake zimepishana, labda 5,400 imeandikwa 4,500. Dakika chache umeipata, wakati mtu mwingine angepitia leja nzima, daftari la akaunti zote, usiku kucha.

Kalamu_Nyeusi

Nimewaelewa. Nakwenda na ya tatu: mteja mmoja anayeanza biashara, na mhasibu wa kunipitia nimeshamfikiria. Kuna moja linanitatiza. Rafiki yangu wa karibu ana biashara ya miaka miwili, hajaandika chochote, na ananisubiri mimi nimalize masomo. Nimchukue?

Mwanakwetu

Usimpe bei ya mwezi kwanza. Mwambie kuna kazi ya tathmini, inalipwa peke yake: akuletee taarifa za benki za miezi yote, ankara alizonazo, mikataba ya mikopo, na orodha ya anaowadai na wanaomdai. Ukishaona ukubwa wake ndipo useme kusafisha miaka ya nyuma ni kiasi gani, na kuendelea kila mwezi ni kiasi gani. Ziwe ankara mbili tofauti, na barua ya makubaliano iwe ile ile ambayo ungempa mtu usiyemjua. Taarifa za benki zikiwa na miezi isiyopatikana, hiyo tathmini mpelekee yule mhasibu wako mzoefu muiangalie pamoja kabla hujamjibu rafiki yako chochote.